Mama ana magoti yaliyosagika: kwa nini anaanguka akisemeshwa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi na mama yake mwenye miaka 72. Kwa ufupi anasema hivi: magoti ya mama yamesagika kwa miaka kama minane sasa, la kulia ndilo baya zaidi na huvimba. Tangu mwaka jana ameanguka mara tatu, na hakuna hata mara moja aliyoteleza. Mara ya mwisho alikuwa anavuka uani kwenda kutia udhu, mjukuu akamwita kwa nyuma kumuuliza funguo ziko wapi. Akageuka ili amjibu, akaenda chini. Siku hizi akisemeshwa njiani husimama kwanza ndipo ajibu. Majirani wameanza kunong'ona kwamba akili inamtoka. Kaka yake msomaji anataka mama akae tu, kila kitu aletewe. Hospitali walipiga picha ya magoti, wakatoa dawa za maumivu, kichwa hawakukigusia. Anauliza: ugonjwa wa magoti unaweza kufika kwenye ubongo? Amkalishe mama au amtembeze? Na sindano au upasuaji utamaliza tatizo?

Pole sana dada, na mama umfikishie shikamoo yangu. Nikupe jibu la swali la kwanza kabla ya maelezo. Kusagika kwa magoti hakuli ubongo, na hayo uliyoniandikia hayatoshi kumwambia mtu kwamba mama yake anapoteza akili. Ila goti bovu huubadilishia ubongo kazi. Kutembea, ambako zamani kulijiendesha kwenyewe, sasa kunamtaka mama afikiri. Mkimsemesha hapo, fikra zinagawanyika, na zile zinazobaki kwa ajili ya miguu hazitoshi. Husimama kwa sababu ubongo wake umeshapima hatari na kuchagua kufanya jambo moja kwa wakati. Siku aliyoanguka, sauti ya mtoto ilitoka nyuma, akageuka kabla hajapata nafasi ya kuchagua.

Mfikirie mama yako alipokuwa kijana. Yamkini alibeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani huku akipiga soga na wenzake, mikono ikining'inia tu. Hakuna aliyekuwa anafikiria shingo wala magoti. Kazi ile ilifanywa na uti wa mgongo, shina la ubongo na ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo tunayopangia mambo, kukumbuka tulichotumwa na kuchagua maneno, ilibaki huru kwa ajili ya soga.

Ili mwili ujisimamie namna hiyo, ubongo unahitaji habari za kuaminika kutoka pande tatu. Macho hueleza mazingira yakoje. Sikio la ndani hueleza kichwa kimeinama kiasi gani na kinaelekea wapi. Upande wa tatu wengi hawaujui: ndani ya misuli, kano, mfuko wa kiungo na ngozi ya unyayo mna vipokezi vidogo vinavyotuma habari za mahali kiungo kilipo. Fumba macho sasa hivi, bila shaka unajua goti lako limekunjwa kiasi gani. Umejulishwa na vipokezi hivyo.

Katika goti la mama, gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika, mfupa ulio chini yake umebadilika, mfuko wa kiungo unawaka mara kwa mara na misuli imedhoofika. Habari zinazopanda kutoka humo zimekuwa pungufu. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza, Barrett, Cobb na Bentley, waliwapima watu uwezo wa kutambua goti limekunjwa kiasi gani, wakaona wenye magoti yaliyosagika wanakosea zaidi kuliko wenye magoti mazima. Waliona na jambo la pili lenye manufaa kwenu: goti lilipofungwa bandeji ya mpira, makosa yalipungua. Bandeji haikuongeza nguvu yoyote. Ilibana ngozi kidogo, ubongo ukapata habari za ziada.

Kisha kuna huo uvimbe. Majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1960, ya kuingiza maji safi ndani ya magoti ya watu wazima wasio na ugonjwa, yalionyesha kwamba msuli mkubwa wa mbele ya paja hupunguziwa amri ya kukaza hata kama mtu hasikii maumivu. Mililita 20 hadi 30 zinatosha kuudhoofisha upande wa ndani wa msuli huo, yaani vijiko vinne hadi sita vya chai. Amri hukatwa kwenye uti wa mgongo, nje kabisa ya uwezo wa mtu kujikaza. Kwa hiyo mama akisema goti limelegea ghafla, muaminini. Kumwambia ajitahidi hakusaidii. Uvimbe wenyewe ndio unaotakiwa kushughulikiwa.

Juu ya hayo yote yako maumivu. Maumivu yameumbwa yatushike fikra, ndiyo kazi yake. Mzee anayeumwa kila anapokanyaga ana sehemu ya akili iliyoshikwa tayari kabla hamjamuuliza funguo ziko wapi. Huko Boston, Marekani, wazee 749 wenye miaka 70 na zaidi walifuatiliwa kwa miezi 18 wakirekodi kila kuanguka kwenye kalenda. Matokeo yalitoka mwaka 2009: wenye maumivu sugu sehemu mbili au zaidi walianguka zaidi kuliko wasio na maumivu, na mzee aliyepitia mwezi wa maumivu makali alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 77 wa kuanguka mwezi uliofuata. Naomba mlitilie maanani hilo la mwezi uliofuata. Goti likianza kuwaka wiki hii, ndio wakati wa kuongeza uangalizi, msingoje mpaka aanguke.

Sasa tuje kwenye kusemeshwa. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walifanya jaribio rahisi ambalo mpaka leo nalitumia karibu kila siku. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya wazee na kuanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wazungumze. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Lakini ujue na upande wa pili: walioanguka kwa jumla walikuwa 21, maana yake 11 hawakuwa wamesimama. Kwa hiyo anayesimama yuko hatarini kweli, ila asiyesimama hajapewa hati ya usalama.

Siku hizi tunaweza kuuona ubongo wenyewe ukifanya kazi mtu akiwa anatembea. Mzee huvishwa ukanda kwenye paji la uso unaopitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kipimo husoma jinsi damu yenye oksijeni inavyoongezeka sehemu ya mbele ya ubongo. Kundi la Roee Holtzer na Joe Verghese katika Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, liliwaambia wazee watembee tu, halafu watembee huku wakitaja herufi kwa kuruka moja: A, C, E. Sehemu ya mbele ilifanya kazi zaidi walipounganisha mambo mawili. Mwaka 2017 wakatoa matokeo yaliyonishangaza: miongoni mwa wazee waliokuwa na afya nzuri, wale ambao ubongo wa mbele ulitumika zaidi wakitembea na kusema ndio walioanguka zaidi miaka iliyofuata, ingawa kasi yao ya kutembea na ya kutaja herufi haikuweza kubashiri hilo. Mwendo ulionekana mzuri kwa sababu ubongo ulikuwa unaulipia gharama kubwa.

Wazee hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya magoti, na sitaki nikuongezee chumvi. Lakini kwa wenye magoti yaliyosagika tunajua pia kwamba mabadiliko hayaishii kwenye kiungo. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2015 kwamba ile sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli imepangika tofauti kwa watu wenye ugonjwa huu ikilinganishwa na wasio nao. Na huko Hamburg, Ujerumani, wagonjwa 32 wenye nyonga zilizosagika walipigwa picha za ubongo, zikaonyesha kwamba baadhi ya maeneo yanayoshughulika na maumivu yamepungua ujazo. Kumi kati yao wakafuatiliwa baada ya kubadilishiwa nyonga na kupona maumivu. Maeneo yale yakarudi kuongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na kwangu ndiyo habari njema kuliko zote katika barua hii, kwa sababu yanaonyesha kwamba mabadiliko yale yaliletwa na maumivu, na maumivu yalipoondoka, ubongo ulianza kurejea. Akiwa na miaka 72 mama bado anaweza kujifunza, na majirani wasimzike akiwa hai.

Kuhusu kaka. Najua anasema kwa mapenzi, na nyumba nyingi zetu huona heshima kumkalisha mzazi. Lakini kumkalisha mama yenu kutamwangusha. Paja lisilotumika hupungua wiki hadi wiki, na ndilo lililokuwa likibeba mzigo wa goti. Uzito huongezeka, na kila kilo moja anayoipunguza mtu mwenye goti bovu huliondolea goti hilo mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua, basi piga hesabu na ya kuongezeka. Zaidi ya hayo, ubongo usiopata mazoezi ya kusimama na kugeuka huzidi kusahau kujisimamia. Siku mama atakayolazimika kuamka usiku kwenda chooni, na siku hiyo itakuja, atatembea kwa mwili ambao umeacha kutembea. Halafu kuna hofu. Aliyeanguka mara tatu hukaza mwili mzima, hutazama miguu, huhesabu kila hatua, na huko kujihesabu kunakula ile ile nafasi ya ubongo wa mbele. Kwa hiyo mpunguze kumwambia "angalia utaanguka" kila anaponyanyuka. Mnasema kwa nia njema, lakini mnamuongezea mzigo. Tembeeni naye kimya, bega kwa bega, upande wa goti bovu.

Kabla ya mazoezi, mpime mwenyewe nyumbani, awepo mtu mzima mwingine wa kumdaka. Weka kiti imara ukutani, akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kadiri anavyoweza kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 10 ni dalili ya udhaifu. Akishindwa kunyanyuka bila kushika mikono, andika sifuri na usimlaumu. Kisha pima mita tatu kutoka kwenye kiti. Anyanyuke, aende kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi ni hatari. Rudia safari hiyo hiyo huku akikutajia majina ya wajukuu kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Tazama kama anasimama, anayumba, au majina yanampotea. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Mtazipima tena baada ya wiki nane hivi, na namba zile zitamtia moyo kuliko maneno yangu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. Anaanza na kile kile kiti: asimame taratibu akihesabu moja mpaka tatu, akae taratibu zaidi, mara nane, apumzike, arudie. Kama kiti ni kifupi mno kwa goti lake, ongeza mto. Baada ya hapo asimame kando ya meza nzito au mbao ya kitanda, ainue visigino na kushusha, kisha apige hatua za pembeni kwenda na kurudi.

Zoezi la msingi ni la nyayo, na hapa sitaki mpite haraka. Asimame mkono ukiwa mezani, nyayo zimeshikana, sekunde kumi. Akiweza, asogeze mguu mmoja mbele nusu unyayo. Akiweza, aweke kisigino cha mbele mbele ya vidole vya nyuma, kama anayekanyaga kwenye kamba. Mwisho kabisa, na labda baada ya miezi, mguu mmoja. Mzee asiyeweza kusimama sekunde kumi kwa kisigino na vidole yuko kwenye hatari ya kuanguka, kwa hiyo hapo ndipo pa kufikia. Sasa angalia mkono. Siku za kwanza anashika meza. Baadaye anagusa kwa kiganja. Baadaye kwa ncha za vidole tu. Mwaka 1994 Jeka na Lackner walionyesha kwamba kidole kinachogusa kitu imara kwa nguvu ndogo sana, isiyozidi uzito wa gramu 100, hupunguza kuyumba kwa mwili. Kwa mguso mdogo hivyo kidole hakiwezi kumzuia mtu asianguke. Kazi yake ni kuupa ubongo habari. Mama akijua hilo, usiku atapitisha vidole ukutani akielekea chooni na atakuwa imara zaidi, bila aibu ya kushikiliwa.

Mkifika mahali ambapo kusimama kunamkalia vizuri, ndipo mnaanza kuchanganya na maneno. Akiwa amesimama na vidole mezani, mwambie akutajie samaki wa pwani: changu, tasi, kibua, nguru, jodari, aendelee. Kesho ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Keshokutwa ahesabu kutoka 30 kushuka kwa tatu tatu. Wiki zikipita, hayo hayo akitembea kando ya ukuta, halafu uani. Kugeuka kufundishwe peke yake: ageuke kwa hatua ndogo nne au tano kama anayezunguka beseni, asijizungushe juu ya goti moja. Akisimama katikati ili ajibu, mwacheni asimame, hakuna aliyeshindwa. Lengo ni kwamba kutembea kuanze tena kujiendesha, na hilo huja kwa kurudia.

Kiasi gani? Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23, na faida kubwa hupatikana kwa mazoezi yanayoujaribu mwili usimame imara bila kuyumba, yafikie kama saa tatu kwa wiki. Gawanyeni nusu saa kwa siku, hata robo asubuhi na robo jioni. Mpango wa Otago wa New Zealand, ambao ni mazoezi ya nyumbani ya miguu na kusimama pamoja na kutembea, ulipunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Tai chi, mazoezi ya taratibu ya Kichina, imefanya vizuri zaidi: kwenye utafiti wa Oregon wa mwaka 2018 uliohusisha wazee 670, waliofanya tai chi walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Na hata kwa goti lenyewe, utafiti wa mwaka 2016 uliipata tai chi ikisaidia sawa na fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kama hapo Tanga hakuna anayeifundisha msihangaike, kilichomo ndani yake ni kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja kwenda mwingine ukiwa makini, na hilo mnaweza kulifanya uani.

Goti litauma kidogo, msiogope. Tukisema sifuri ni kutoumwa kabisa na kumi ni maumivu yasiyovumilika, basi mpaka tano wakati wa zoezi yanavumilika, ilimradi kesho yake saa kama hiyo yawe yamerudi kwenye hali yake ya kawaida. Yakizidi au goti likivimba, punguzeni idadi, msiache kabisa. Avae soksi ya goti au bandeji ya mpira wakati wa mazoezi na anapotoka, isibane mpaka mguu ukafa ganzi. Mkongojo aushike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti la kulia ndilo baya; wengi huushika upande unaouma na kukosa nusu ya faida. Kimo chake kiishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama wima.

Nyumbani mna mambo machache ya kufanya leo. La kwanza halina gharama: mtu yeyote, mjukuu au mgeni, asimwite mama kwa nyuma. Njoo mbele yake, au ngoja akae. Pili, udhu. Kunyanyua mguu mmoja kuosha kwenye sakafu iliyolowa, goti bovu likibeba mwili, ni mtihani mgumu kuliko yote niliyoeleza hapo juu. Mpeni kigoda imara na bomba au kata karibu. Kuswali kwa kiti kumeruhusiwa kwa mgonjwa, na kama anapenda kusujudu chini, awe na kitu kizito cha kushika wakati wa kunyanyuka. Kandambili zilizolika zitupwe, apate viatu vyenye mkanda nyuma. Kanga isiburute. Taa iwake kati ya kitanda na choo, kwa sababu mwenye goti lisilotoa habari sahihi anaishi kwa macho, na gizani anabakiwa na sikio peke yake.

Kwa sababu hiyo hiyo kaangalieni macho. Kama ana mtoto wa jicho, upasuaji wake ni sehemu ya matibabu ya kuanguka: huko Nottingham, Uingereza, wanawake wa zaidi ya miaka 70 waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walianguka pungufu kwa asilimia 34 kuliko waliosubiri foleni. Pimeni sukari, kwani kisukari huua hisia za nyayo. Kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, ulizeni kuhusu vitamini B12. Shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama dakika moja na tatu, maana likishuka sana anaposimama, hapo pana sababu nyingine ya kuanguka.

Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za duka la dawa na za kienyeji, mzimwage mezani kwa daktari. Diazepamu, amitriptilini, tramadoli, hata piritoni ya mafua, hulegeza ubongo ule ule unaohangaika kumsimamisha. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo. Jeli ya kupaka ya diklofenaki ni salama zaidi kwa goti la mtu wa umri wake. Na kama kuna unga au vidonge vya mitishamba vilivyomaliza maumivu ndani ya siku mbili, kama ndio kwanza ameanza kuvitumia, viacheni mpaka daktari avione. Mara nyingi bidhaa za namna hiyo zimekutwa na deksamethasoni ndani, dawa ambayo ikitumiwa muda mrefu huchimba mifupa. Ila kama ameshavitumia kwa muda mrefu, asivikatishe ghafla peke yake, amwone daktari kwanza.

Yako mambo ambayo hayasubiri mazoezi. Uso ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukiishiwa nguvu, au maneno yakivurugika ghafla, ni kiharusi, kimbieni hospitali saa hiyo. Akigonga kichwa, kisha siku au hata wiki baadaye akaanza kusinzia, kuumwa kichwa au kuchanganyikiwa, apelekwe haraka, hasa kama anatumia dawa za kuyeyusha damu. Mikono ikianza kukosa ustadi, vifungo vikimshinda, miguu ikikaza, shingo inaweza kuwa inabana uti wa mgongo. Wenye ile baridi yabisi inayovimbisha vidole pande zote mbili wana hatari hiyo zaidi. Na mwendo ukiharibika pamoja na kushindwa kuzuia mkojo na kusahau, hapo nitataka apigwe picha ya kichwa. Kama kusahau kupo hata akiwa amekaa ametulia, mpimeni kumbukumbu pia. Nimesema barua yako haionyeshi hivyo, lakini wewe ndiye unayelala naye nyumba moja.

Nimalizie na sindano na upasuaji. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti lililovimba inaweza kumpa wiki kadhaa za nafuu, na nafuu hiyo itumike kufanya mazoezi. Isizoeleke: wagonjwa waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili katika utafiti wa mwaka 2017 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Ile wanayoiita sindano ya ute ni ghali, na mapitio ya tafiti ya mwaka 2022 yaliona faida yake ni ndogo mno kwa mgonjwa kuihisi. Mimi nisingekushauri uuze mbuzi kwa ajili yake. Kubadilisha goti ni tiba ya kweli kwa mtu ambaye maumivu hayamwachi kulala na mazoezi ya miezi yamegonga mwamba, na kwa Tanzania hufanywa, kwa mfano, MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini goti jipya huja bila mazoea, na aliyeingia chumba cha upasuaji na paja dhaifu hutoka nalo hilo hilo. Miezi mitatu ya kiti, meza na samaki wa pwani haitapotea hata kama mwisho wake ni upasuaji.

Mkipata rufaa ya fiziotherapia, mwende na daftari la vipimo, na mwombeni mtaalamu amwangalie mama akitembea huku anazungumza. Wengi hupima goti mgonjwa akiwa amelala kitandani, na hapo hali mliyoieleza haionekani.